Tope la Simiyu, maji ya Mwanza: barua ya wazi kwa wenye dhamana

Kwa: Waziri wa Maji, Waziri wa Kilimo, Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Wakuu wa Mikoa ya Mwanza, Simiyu na Mara, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, na Wakurugenzi wa Halmashauri zote zinazopakana na Ghuba ya Speke na Ghuba ya Mwanza.

YAH: UCHAFUZI UNAOTOKA MASHAMBANI NA KUISHIA ZIWANI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 magugu maji yaliziba njia ya vivuko pale Kigongo na Busisi. Vivuko vikakwama, picha zikasambaa, viongozi wakafika kujionea, na mazungumzo yakawa mitambo ya kuvuna magugu. Mwezi Juni mwaka huohuo Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, vivuko vikapumzika, na habari ya magugu ikapumzika navyo. Magugu yenyewe hayakupumzika.

Mimi ni mkulima wa bustani katika Wilaya ya Magu. Nalima nyanya na vitunguu kwa sehemu kubwa, na matenga yangu huishia kwenye masoko ya Mwanza mjini. Nataja kazi yangu mapema kwa sababu barua hii itawagusa wakulima na wafugaji, na sitaki ionekane imeandikwa na mtu wa ghorofani anayetupangia namna ya kuishi.

Ombi langu ni moja. Acheni kulitazama tatizo la ziwa mkiwa mmesimama ufukweni. Ifuateni mito hadi kule inakotoka, na sehemu ya fedha na watumishi mnaowaweka kupambana na ziwa likishachafuka muipeleke mashambani, ambako uchafu unaanzia safari. Mengine yote nitakayoandika hapa ni maelezo ya ombi hilo.

Gugu maji haliishi kwa maji matupu. Linakula naitrojeni na fosforasi, vitu vilevile tunavyotaka mahindi yetu yale. Lilipoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuta chakula kipo tayari. Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria, ule wa LVEMP ulioanza mwaka 1997, ulifuga mbawakavu wanaolitafuna gugu hilo, na walifanya kazi nzuri. Lakini mbawakavu anakula jani. Fosforasi iliyolilisha jani inabaki majini, na gugu jingine linaota hapohapo. Mashine nayo ni hivyohivyo, hasa pale magugu yaliyovunwa yanaporundikwa ufukweni yakaoza na kutiririkia yalikotoka.

Na ziwa letu lina tabia moja ambayo kila mwenye dhamana angepaswa kuijua. Mlango wa kutokea maji ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja. Maji mengi zaidi ya hayo, karibu asilimia 80 ya yote yanayoondoka, huondoka kwa mvuke. Sasa, ukichemsha maji ya chumvi kwenye sufuria, kinachopaa ni maji na chumvi inabaki. Fosforasi haipai. Tunayoiingiza msimu huu haiendi mbali. Inatua kwenye tope la chini, inakaa, na upepo wa kusi ukilikoroga ziwa inapanda juu tena. Kwa hiyo hata tukianza kazi leo, ziwa litachukua miaka kuonyesha nafuu, na mradi wa miaka mitano unaofungwa kwa semina ya kukabidhi ripoti hauwezi kuitosha kazi hii.

Watu wakisikia uchafuzi wa kilimo hufikiria mfuko wa mbolea. Kwetu hapa mfuko si mtuhumiwa wa kwanza. Mwaka 2006 nchi za Afrika zilikubaliana kule Abuja kufikisha kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa kila hekta, na Tanzania bado iko nyuma ya kiwango hicho, ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/2023 ikiwamo. Ukienda kwenye mashamba ya pamba na mtama kuanzia Magu kupanda Bariadi, wengi hawajatia hata kilo moja ya mbolea ya dukani. Wanaokula mbolea nyingi ni sisi wa bustani, na eneo letu ni dogo.

Kinachokwenda ziwani ni shamba lenyewe.

Njooni mwezi Oktoba muone. Mavuno ya mtama na mahindi yameshatoka, ng'ombe wamekula mabua hadi kwenye shina, na palipobaki kitu pamechomwa moto kusafisha. Ardhi iko wazi, imekanyagwa na kwato mpaka imekuwa unga. Matuta yaliyopigwa kwa plau yanashuka na mteremko, kwa sababu ndivyo maksai wanavyovuta kwa urahisi. Mto Simiyu wakati huo ni mchanga na vidimbwi, na kila kidimbwi kina mifugo kuanzia asubuhi hadi jioni, wanakunywa na kujisaidia palepale. Kisha inakuja mvua ya kwanza ya vuli. Maji ya kutoka Itilima, Maswa, Bariadi na yale ya Mto Duma yanakutana na kushuka kwa pamoja, na mbele ya maji yale kunatangulia kitu kizito cha rangi ya kahawia chenye povu, kimebeba samadi ya miezi mitano, majivu, mabua na chupa za dawa za pamba zikiwa na vifuniko vyake. Mwaka uliopita pale karibu na daraja nilitazama chupa moja ya plastiki ikizunguka kwenye povu, lebo yake bado inasomeka, na chini kidogo watoto wawili wanaziokota chupa kama hizo kwa vijiti. Chupa yenye kifuniko ni mali: inabeba mafuta ya taa, inabeba maji ya kwenda nayo shambani.

Kwenye kila kilo ya udongo ule wa juu kuna fosforasi imeshikamana na chembe zake. Mkulima amepoteza rutuba na ziwa limepata sumu, kwa tendo moja, bila mtu yeyote kununua kitu dukani. Hapo ndipo ninapowaomba mtofautishe. Mkulima wa Maswa hatupi kitu ziwani. Anaibiwa.

Kuna na njia nyingine ambayo wengi hatuifikirii, nayo ni hewa. Mtanzania mwenzetu Rashid Tamatamah na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2005 uliokadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria hudondoka kutoka angani, ikiwa ndani ya vumbi na mvua. Vumbi hilo ni la mashamba yaliyoachwa uchi, na majivu ni ya moto wa kuchoma mabua na nyika. Ndiyo maana nasema hata kijiji kisicho na mto kina mchango wake. Kila mwaka mnatoa tamko la kupiga marufuku kuchoma mashamba, na kila mwaka mwezi wa tisa ukisimama kilima chochote cha Usukumani jioni unahesabu moto. Tamko bila mbadala wa mabua halimzuii mtu mwenye ekari nane za kusafisha na mikono miwili.

Nije kwenye maji yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu mnapoweza kuguswa hata kama hamjawahi kushika jembe. Kuna majira ambapo maji ya pembeni mwa Ghuba ya Mwanza hugeuka kijani, unene unaoweza kuushika. Yule si ukoka wala majani yaliyooza. Ni viumbe vidogo mno, jamii ya bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, na baadhi yao, hasa wale wanaoitwa Microcystis, hutengeneza sumu inayoshambulia ini. Watafiti waliikuta sumu hiyo katika Ghuba ya Mwanza na wakachapisha matokeo mwaka 2005. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa ya matumizi ya kila siku.

Mama wa mwaloni anafanya nini maji yakiwa hivyo? Anausukuma ule ukijani kwa tako la ndoo, kushoto na kulia, anaizamisha ndoo haraka kabla haujarudi, anachuja kwa kipande cha kanga, anapeleka jikoni na kuchemsha. Kwa kipindupindu amefanya vizuri sana, ametii kila alichofundishwa na mhudumu wa afya. Kwa sumu hii hajafanya kitu. Haiuawi na moto. Inabaki kwenye maji yaleyale, na maji yakipungua kwa kuchemka inazidi kuwa nzito. Sijawahi kuona tangazo hata moja kwenye mwalo wa kwetu linalosema hivyo. Bango la kukataza nyavu haramu lipo, la kichocho lipo, la kondomu lipo. La maji ya kijani hakuna.

Mnaokunywa maji ya bomba mjini msijione mko salama kwa sababu mna chanzo cha Capri Point na sasa cha Butimba. Maji ghafi yakiwa machafu zaidi, dawa ya kuyasafisha inaongezeka, chujio linaziba mapema, gharama inapanda, na gharama ina tabia ya kushuka hadi kwenye ankara. Bomba la Ihelele kule Misungwi linapeleka maji ya ziwa hili Shinyanga na Kahama, na limeendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Watu wanaokunywa Ghuba ya Mwanza wengine hawajawahi kuiona.

Na kuna jambo ambalo silielewi. Serikali inajenga mradi mkubwa wa kupeleka maji ya ziwa katika wilaya za Mkoa wa Simiyu, kuanzia Busega. Ni mradi mzuri, watu wa Meatu na Itilima wameteseka na ukame kwa muda mrefu. Lakini tope la Simiyu linashuka Ghuba ya Speke, na maji yatavutwa kutoka Ghuba ya Speke yarudishwe Simiyu. Yaani tutayasafisha kwa gharama kubwa yaleyale tuliyoyaacha yachafuke bure kilomita chache nyuma. Fungu la kutunza udongo kule juu lingepaswa kusimama bega kwa bega na fungu la mabomba, si kuwa kiporo cha bajeti kikibaki.

Samaki je? Sangara na sato mnawajua, wana bei. Mimi nitamtaja furu, ambaye wengi wanamwona ni chambo tu. Ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina za furu wasiopatikana kwingine duniani. Sangara aliwamaliza wengi, hilo linajulikana. Lakini watafiti waliofanya kazi hapahapa Ghuba ya Mwanza walionyesha mwaka 1997 kwamba maji machafu nayo yalikuwa yakiwamaliza, kwa njia ambayo mimi iliponifikia nilicheka kwanza kabla ya kusikitika: furu jike huchagua dume kwa rangi, na maji yakijaa ukungu haoni tena nani mwekundu na nani wa bluu, anapandana na yeyote, na aina mbili zinageuka moja. Ziwa linapoteza samaki wake bila hata nyavu kutupwa.

Kuhusu Mto Mara mwezi Machi 2022 sitasema mengi, maana mjadala ule uliwachosha wengi. Maji yaligeuka rangi, samaki wakafa, kamati ikaja na jibu la kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, na nchi nzima ikacheka. Sina maabara, siwezi kuitetea wala kuipinga kamati. Ninachojua ni kwamba samadi na majani yanayooza kwenye maji hunyonya hewa ambayo samaki anaihitaji, hilo liko wazi kabisa. Tulicheka kwa sababu jibu lilitolewa kwa watu waliozoea kutoonyeshwa vipimo. Kama majibu ya maji ya Mto Mara yangekuwa yanabandikwa kijijini kila mwezi kwa miaka kumi kabla, mwezi ule tungekuwa na kitu cha kulinganisha badala ya kubishana kwa imani.

Sasa viuatilifu. Hapa nasema kama mtu wa ndani.

Kantangaze aliingia nchini mwaka 2014, na tangu hapo kulima nyanya kumekuwa vita. Yule mdudu anajificha ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa inayompata leo msimu ujao haimpati. Mkulima akiona shamba linakauka hukimbilia duka la pembejeo, na mwenye duka, ambaye mara nyingi hana mafunzo yoyote zaidi ya kujua bei, humpa mbili: "Changanya na hii." Anachanganya na hii. Mwingine anachanganya tatu. Anapima kwa kifuniko cha chupa bila kujua kifuniko kile kina mililita ngapi. Anapuliza leo, anavuna keshokutwa, maana lori la sokoni halisubiri.

Na wapi anachanganya? Ukingoni mwa maji. Bomba la mgongoni linabeba lita 16 hadi 20, na ekari moja inahitaji mabomba mengi. Hakuna mtu atakayebeba ndoo mita mia mbili kwenda na kurudi kama anaweza kuchuchumaa ziwani na kulijaza bomba palepale. Akimaliza analisuuza palepale pia, maji meupe kama maziwa yanaondoka polepole kati ya matete, na chupa anaitupa nyuma ya mgongo. Dakika kumi baadaye mtoto wa jirani anateka maji hatua chache kutoka hapo. Kumpiga faini mkulima yule ni rahisi. Kumwekea pipa la maji na sehemu ya kuchanganyia dawa mbali na ukingo ni rahisi zaidi, na ni bei ya viti vichache vya mkutano.

Kwa nini hili linagusa afya hata ya asiyekula nyanya? Kichocho. Wote tuliokulia mwambao huu tunakijua. Utafiti uliofanywa upande wa Kenya wa bonde hili na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba konokono wanaobeba kichocho wanavumilia viuatilifu kuliko wadudu na viumbe wengine wa majini. Dawa ikiingia kijitoni inawaua wanaomla konokono na wanaogombania naye chakula, na yeye anabaki na uwanja wake. Kila mwaka mnapeleka vidonge vya kichocho mashuleni, jambo jema, huku bomba la dawa likimtunzia konokono makazi.

Na kama afya haitoshi, kumbukeni biashara. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya sumu za kilimo zilizotumiwa kuvulia. Waliokuwa na kazi viwandani Mwanza wakati ule wanaweza kuwasimulia. Dawa zilezile za shambani, mnunuzi yuleyule wa minofu.

Tuje kwenye mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ni sheria nzuri na siipingi. Naipinga namna inavyofika kwetu. Inafika kwa gari lenye mgambo, mara moja kwa miaka mitatu, kwa kawaida nyanya zikiwa zimeanza kuiva. Zinang'olewa, picha inapigwa, gari linaondoka. Mwezi unaofuata pameshalimwa tena, kwa sababu ardhi ile yenye unyevu ndiyo inayolipa ada ya shule, na kwa sababu palipong'olewa nyanya hapakupandwa kitu kingine chochote. Wenye hoteli na nyumba nzuri ndani ya mita zilezile hawajawahi kung'olewa ukuta mbele yangu. Nasema tu.

Ukanda wa mita 60 ukiwa mtupu hauchuji tope. Unachuja ukiwa na majani mazito. Kwa hiyo wekeni vigingi, mara moja, vionekane, kila mtu ajue mpaka uko wapi. Kisha mwachieni yuleyule aliyekuwa akilima pale apande majani ya tembo na miti, ayakate, ayauze kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Mwanza mjini ambao kila kiangazi wanahangaika na malisho. Bila plau, bila mbolea, bila bomba la dawa. Atakuwa mlinzi wa ukanda kwa sababu ukanda unamlisha. Wanasheria wenu watasema kuna ugumu wa kifungu. Basi tungeni kanuni inayosema wazi kwamba kukata majani si shughuli yenye madhara.

Msidhani haya ni mawazo ya kuletwa na ndege. Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986, wafugaji walirudisha ngitili walizoachiwa na babu zao, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa ili majani na miti viote, mamia ya maelfu ya hekta, kwa sababu waliambiwa ngitili ni yao na majani ni yao. Na ng'ambo ya maji, Kisiwa cha Ukara katika Wilaya ya Ukerewe, watu waliobanana mno kwenye kisiwa kidogo walijifunza kwa vizazi kufungia ng'ombe ndani, kuwakatia majani, kukusanya samadi yote na kuirudisha shambani, kupanda marejea kurutubisha udongo na kuzuia mteremko kwa mawe. Walikosa pa kuhamia, wakatunza walipo. Wapelekeni maafisa ugani wa Simiyu wakakae Ukara wiki mbili kabla ya kuwapeleka semina nyingine Dodoma.

Maafisa ugani hao walipewa pikipiki mwaka 2022, na halmashauri zikapata vifaa vya kupima udongo. Naomba vipimo hivyo vitembee. Kupima udongo wa mkulima wa bustani kunamwambia kama anahitaji ule mfuko wa pili au anaununua kwa mazoea, na mfuko usiotiwa ni fedha kwake na nafuu kwa ziwa. Ruzuku iliyopo inaishia kwenye mfuko. Kwa nini isimfikie anayechimba makinga maji kwenye mteremko, anayefunga matuta yake yasimamishe maji shambani, au anayejenga shimo la samadi lenye paa? Hao nao wanaongeza mavuno, na mashamba yao hayashuki mtoni.

Chupa tupu zina suluhisho ambalo linanishangaza kuwa halijafanyika. Mkulima wa pamba anachukua ekapaki zake, yaani dawa iliyopimwa kutosha ekari moja, kwenye AMCOS, chama chake cha ushirika cha msingi, na jina lake linaandikwa kwenye daftari. Daftari hilohilo lingeweza kuandika alizorudisha. Asuuze chupa mara tatu, maji ya kusuuzia ayarudishe kwenye bomba ayapulizie shambani, atoboe chupa, airudishe AMCOS anapoleta pamba kupima. Mzigo ukusanywe na wenye makampuni ya dawa walioileta, kwa gharama yao, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa sisi wa nyanya tusio na AMCOS, duka lililouza lipokee. Ukiweka shilingi mia mbili juu ya kila chupa, za kurudishiwa, watoto niliowaona kwenye povu watamaliza chupa za Mto Simiyu kabla ya masika.

Najua jibu ambalo baadhi yenu mnaliandaa: mbona huusemi mji? Mto Mirongo unapita katikati ya Mwanza ukibeba kila kitu, vyoo vya milimani vinatiririka mvua ikinyesha, vizimba vya samaki vinaongezeka na chakula kinachobaki kinazama chini yake. Kweli tupu, na wenye mji waandikiwe barua yao. Ila asiwepo mtu wa kusubiri mwenzake aanze.

Mwisho, maji yapimwe na tuambiwe. Bodi ya Maji ya Bonde mnachukua sampuli. Matokeo ya mdomo wa Simiyu, wa Magogo, wa Nyashishi, yaandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, yabandikwe mwaloni kwenye ubao wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na kwenye ofisi ya kata: rangi ya maji, tope, fosforasi, sumu ya ukijani, na mstari mmoja unaosema wiki hii watoto wasioge, au waoge. Wenye vibali vya kuvuta maji mengi wanalipa ada kwenu. Sehemu ya ada hiyo ielekezwe kwa jumuiya za watumia maji za kule juu, zikaguliwe, na sisi wa chini tujue imefanya nini.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ekapaki za msimu ujao hazijashushwa kwenye maghala ya AMCOS, yakieleza ni kata zipi za bonde la Simiyu zitawekewa vigingi, sehemu za kuchanganyia dawa na mapokezi ya chupa, na nani atawajibika kwa kila moja.

Nawasilisha.

Mkulima wa nyanya na vitunguu,
Wilaya ya Magu, Mwanza